Jicho la Mashine Katika Kuchagua Kahawa

Wakulima wa Meru na Embu, kahawa yenu ikiisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa katika kiwanda cha ushirika, hupelekwa kwenye kinu kukobolewa. Huko ganda huondolewa, na punje huchekechwa kwa ukubwa: AA, AB, PB na nyinginezo. Kisha, katika vinu vingi siku hizi, hupitishwa mbele ya mashine yenye macho. Yafaa kila mwanachama aelewe kazi yake, maana yahusu malipo.

Punje huteremka katika mfereji mwembamba na kuanguka kama pazia mbele ya taa kali na kamera. Kamera hupiga picha, na kompyuta hulinganisha rangi ya kila punje na rangi iliyowekwa na fundi kuwa njema. Ikiona punje nyeusi au yenye mabaka, kama yale yaletwayo na kunguni wa kahawa, tundu la hewa hufunguka na kuipuliza kando kabla haijafika chini. Kufumba na kufumbua, imekwisha kutengwa. Lakini upepo huo huchukua na punje njema zilizo jirani. Kwa hiyo mzigo wenye punje mbovu nyingi hupoteza na nzuri pia.

Je, mashine huona kila kitu? La. Kamera huona rangi, hainusi. Punje iliyosahauliwa katika mashine ya kumenyea au katika tangi tangu jana huoza, na pengine rangi yake hubaki nzuri. Ikisagwa pamoja na nyingine huharibu kikombe kizima. Vivyo hivyo punje ya tunda bichi huweza kupita, ijulikane tu ikikaangwa, kwa kuwa hubaki nyeupe. Muonjaji huigundua, na bei ya mzigo wote hushuka. Katika tangi kahawa ya Runyenjes haina jina la mwenye shamba. Debe bichi la mmoja hulipiwa na majirani wote. Jambo hili husemwa kidogo mno mikutanoni.

Basi chuma zilizoiva tu. Zimwage juu ya gunia, uchague kabla ya kupima, nawe uzifikishe kiwandani siku ile ile. Zilizokataliwa usizitupe, zianike ziwe mbuni, ambayo huuzwa ingawa kwa bei ndogo. Halmashauri nayo ihakikishe mashine na matangi yanaoshwa kila jioni.

Wengine hudhani mashine huwaibia kilo. Kumbukeni kwamba katika kilo 100 za kahawa yenye ganda, yapata kilo 20 ni ganda lenyewe na vumbi. Ombeni halmashauri iwasomee hati ya kinu: kilo zilizopelekwa, kilo za kila daraja, na kilo zilizotengwa. Hesabu hiyo ya mwisho ikizidi ya msimu uliopita, anzeni kuulizana juu ya uchumaji na kiwanda chenu kabla ya kwenda kugombana na kinu.