Kijumba ni Chako, Usimbebeshe Mtoto

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibugu, Embu. Tuna majani chai na ng'ombe wawili. Binti yangu alipokuwa Gredi ya Nne alipewa kazi ya shule, ajenge nyumba kwa katoni. Nikamsaidia, kama sisi wazazi wote tunavyofanya na huu mtaala wa CBC. Kazi ikapelekwa, ikapewa alama, ikaisha. Mimi sikuacha. Usiku watoto wakilala natoa wembe na gundi. Sasa nina nyumba ya vyumba vinne. Jikoni kuna mafiga na sufuria za vifuniko vya soda, sebuleni kuna viti vyenye vitambaa nilivyofuma kwa uzi wa cherehani, na ghala lina magunia ya mahindi.

Mume wangu alikiona kijumba hicho akauliza ni cha nani. Nikaingiwa na hofu, nikasema ni cha binti, cha shule. Binti akaitikia. Mume alifurahi sana, akampa shilingi 200, akampigia mamake simu akamwambia mjukuu wake atakuwa msanifu wa majengo. Sasa shule zimefungwa, na mama mkwe, ambaye ana miaka 79 na anaishi Thika na shemeji yangu, anakuja Krismasi pamoja na familia yote. Amesema anataka mjukuu amjengee boma alikozaliwa yeye, na aketi amtazame akijenga. Binti hajui hata kukata katoni. Siku hizi hataki kukaa sebuleni baba akiwepo. Je, nimfundishe haraka haraka? Ama nikichome, niseme kimeliwa na panya? Niseme nini? Nikisema ukweli nitaonekana mama mzima anacheza kalongolongo.

Mama wa Kijumba, Kibugu

*

Mama wa Kijumba, barua yako ilikuwa ndefu kuliko hii niliyoichapisha. Nimeondoa habari za nauli, za mbuzi wa kuchinjwa na za wifi yako asiyeshika mwiko. Nimebakiza sentensi moja ambayo wewe mwenyewe uliipita mbio, ukiipachika kati ya katoni na panya: siku hizi binti hataki kukaa sebuleni baba akiwepo. Umeniuliza useme nini mama mkwe akifika. Tutafika huko. Kwanza niambie kwa nini msichana wa miaka kumi na moja anamkwepa baba anayempenda.

Anamkwepa kwa sababu ya zile shilingi 200. Baba hajamkosea kitu. Amemsifu, amemzawadia, amemtangaza hadi Thika, na mtoto anajua kwamba hakuna hata tone moja la sifa hizo lililo lake. Kila baba akimtazama kwa furaha, yeye anaona siku ya kugundulika. Na hawezi kujitetea, kwa sababu akisema ukweli atamtoa mamake. Umemweka mtoto kati yako na babake, kisha ukaingia chumbani na gundi yako.

Hapo nakugombeza, na nataka uchungu wake uusikie. Mtu mzima akidanganya, aubebe uongo wake mwenyewe. Wewe ulimtwisha mtoto bila hata kumwomba. Siku hiyo moja ulimfundisha kwamba sifa hupatikana bila kazi, na kwamba kazi ya mikono ya mamake ni ya kuonewa haya. La pili ndilo linaloniuma zaidi. Kesho naye akipata kitu anachokipenda, iwe ni kuchora, kuimba au kuandika mashairi, atakificha. Hatajua ni nani aliyemfundisha kuficha.

Sasa unaniomba nikutafutie uongo wa pili, kwa vile wa kwanza umeisha pamoja na muhula. Sikutafutii. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika mwisho siku kengele ya kufunga shule ilipolia. Kumfundisha binti haraka ili amdanganye nyanyake uso kwa uso ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Kukichoma ni kuharibu kazi ya miezi mingi, na bado mtoto atalazimika kuitikia habari ya panya.

Nimetafuta katika barua yako mume mkali, sikumpata. Nilimwona mwanamume aliyeingia, akakuta nyumba ya katoni yenye mafiga na magunia, akaipenda kiasi cha kupiga simu. Je, huyo ndiye uliyemficha kijumba? Nadhani hukumwogopa yeye. Uliogopa swali ambalo wala hakuliuliza: kitu hiki kina faida gani? Ulijiuliza mwenyewe, ukajihukumu mwenyewe, ukatafuta ulinzi nyuma ya daftari la mtoto. Shule ikiagiza nyumba ya katoni, ni kazi. Ukiitaka wewe, ni utoto. Hayo maneno ya mama mzima na kalongolongo hakuna mtu Kibugu aliyekutupia. Umeyaandika wewe kwa mkono wako.

Hebu ingia sebule yoyote kuanzia Kianjokoma hadi Runyenjes. Utakuta vitambaa vyeupe vimetandikwa kwenye migongo ya viti, kwenye mikono ya viti, juu ya meza, juu ya redio. Vimefumwa na akina mama waliotoka shambani wakiwa wamechoka kama wewe. Havizuii baridi, havilishi mtu, na kila wiki vinaongeza nguo za kufua. Lakini mgeni akiingia huvitazama na kujua kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumdai mama hesabu ya vitambaa vyake. Nina hakika hata mama mkwe wako anavyo, na akivikuta vimekunjwa vibaya atakwambia. Wewe umefuma vile vile, kwa uzi wa cherehani, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Macho na uvumilivu uliotumia ni mara nyingi zaidi ya wa kitambaa cha kawaida. Kwa nini kile kikubwa kiwe heshima na hiki kidogo kiwe aibu?

Nitasema ninaloliamini kwa moyo wangu wote. Mtu anayefanya kazi ana haki ya kuwa na jambo moja lisilodaiwa chochote. Wewe unaamka kukiwa giza. Unachuma majani mawili na kichipukizi, unabeba hadi kituoni yapimwe, unarudi kukamua, unapika, unafua, unasubiri bonasi ya Oktoba ambayo kabla haijaingia imeshapata wenyewe: karo, mbolea, deni la duka. Kila saa ya siku yako ina anayeidai. Wanaume wakiketi sokoni jioni kucheza drafti, hakuna anayewauliza drafti italeta nini nyumbani, na mimi siwalaumu. Mtu akichoka atulize akili. Nataka haki hiyo ivuke barabara ifike kwako. Muda wako wa usiku ni wako. Hauhitaji cheti cha mwalimu.

Ila haki hiyo ina masharti. Kama gundi na rangi vinatoka kwenye pesa za nyumba, vitajwe kama sukari inavyotajwa. Na kama unakesha hadi asubuhi unashindwa kuamka, punguza.

Unadhani uko peke yako, kwa hiyo nikutajie wenzako. Mwishoni mwa karne ya 17 mjini Amsterdam, Petronella Oortman, mke wa mtu mwenye nyumba yake ya kuendesha, alitengenezesha kabati lenye vyumba vidogo vilivyojaa vyombo halisi vilivyopunguzwa ukubwa, na inakadiriwa liligharimu pesa za kununua nyumba ya kweli kando ya mfereji. Leo liko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum. Marekani, Frances Glessner Lee, aliyezaliwa Chicago mwaka 1878, alikuwa na umri wa nyanya alipoanza kujenga vyumba vidogo vya matukio ya mauaji ili polisi wajifunze kuchunguza. Soksi za wanasesere wake alizifuma mwenyewe kwa pini. Hakuwa anacheza. Vyumba vyake vilitumika kufundishia maafisa kwa miongo mingi.

Lakini ninayetaka umkumbuke zaidi ni Bodys Isek Kingelez wa Kongo. Alikuwa mwalimu, akaacha, akaanza kujenga majumba na miji mizima kwa karatasi, katoni za bidhaa, mikebe ya soda na vifuniko vya chupa, vitu vile vile ulivyo navyo wewe jikoni. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa mjini Kinshasa, wataalamu hawakuamini kwamba ni yake, ikabidi ajenge nyingine mbele ya macho yao. Akajenga. Wakamwajiri. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York ilitenga maonyesho makubwa kwa kazi zake peke yake.

Aliketi mbele ya watu akajenga. Mama mkwe wako anaomba jambo hilo hilo: aketi, atazame mikono ikifanya. Katika nyumba hiyo yote kuna mtu mmoja tu anayeweza kumfanyia, na umepanga kumficha.

Hebu pima uzito wa ombi lake. Ana miaka 79. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa nguvu ikawasongamanisha katika vijiji vilivyolindwa kwa mitaro na miba, na maboma mengi yaliyoachwa yalibomolewa au kuchomwa. Mama mkwe wako alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Siijui hadithi yake, na huenda wewe pia huijui kwa sababu hukumuuliza. Lakini mwanamke wa umri wake, wa upande huo wa nchi, anapoomba ajengewe boma alikozaliwa, yawezekana anaomba kuona mahali ambapo hapana hata picha moja. Wewe unawaza panya.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya. Anza na binti, leo, mkiwa wawili. Mwambie ulikosea kumtia katika jambo hili, kwamba kijumba ni chako, na kwamba utamwambia baba mwenyewe, yeye asiseme neno. Mwombe radhi kwa maneno kamili, si kwa kumnunulia soda. Kisha nenda kwa mumeo kabla hajalala, ukiwa umebeba kijumba chenyewe mikononi, umwambie: baba watoto, hiki nilikijenga mimi, niliona haya nikakudanganya, na mtoto hana kosa. Usianze na maelezo marefu kuhusu shule. Atakasirika, na ana haki, maana ulimfanya amwambie mamake jambo lisilo kweli. Mwache akasirike. Zile shilingi 200 mrudishie kutoka mfukoni mwako, hata kama mtoto alishazila. Simu ya Thika apige yeye. Ni yeye aliyetoa habari ya kwanza, na itamfaa kuirekebisha mwenyewe kabla wageni hawajapanda gari.

Akicheka badala ya kukasirika, usijiunge naye kukicheka kijumba chako. Hapo ndipo wanawake wengi huangukia: tunatoa kitu chetu, kisha tunawahi kukidharau kabla ya wengine. Nyamaza, mwache akitazame.

Mama mkwe akifika, muulize mlango wa nyumba ya mamake ulitazama wapi, thingira, yaani nyumba ya babake, ilikuwa umbali gani, ghala lilisimama upande upi, mbuzi walilala wapi. Andika. Tumia kipimo wanachotumia wajenzi wengi wa vijumba duniani, inchi moja kwa kila futi moja, ili mlango wa futi sita uwe inchi sita na vitu vyote vioane. Kuta za mviringo zitakupa kazi kwa katoni. Kwangua tabaka moja la karatasi uipinde taratibu, kisha ipake udongo wa kweli uliochujwa. Nyasi za paa zipo kando ya njia. Binti akitaka kukaa nanyi, akae. Akitaka kwenda kucheza na binamu zake, mwache aende, asije akadhani bado anadaiwa.

Na najua utasema Krismasi huna nafasi, kuna watu ishirini wa kulisha. Wifi zako wapewe unga wa chapati, mumeo na shemeji washughulikie mbuzi na kuni. Wewe utakuwa na kazi ya mama yao, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuifanya badala yako. Mzee wa miaka 79 hatakumbuka vizuri zaidi mwaka ujao. Ketini siku ya pili baada ya yeye kufika, asubuhi, akiwa amepumzika. Lakini mumeo mwambie leo.