Dondoo muhimu: Chujio la chini ya changarawe

Kwa tangi la samaki la nyumbani Pemba, chujio linalolazwa chini ya changarawe bado ni chaguo la busara: pampu ndogo ya hewa inatosha kuliendesha, wala hakuna sponji za kununua kila mara. Kazi yenyewe hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya changarawe, ambao hugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Changarawe basi ndiyo chujio. Iwe ya milimita 3 hadi 5, kina cha sentimita 5 hadi 8. Mchanga wa ufukweni ni laini mno na huziba matundu. Tena una chokaa ya matumbawe inayozidisha ugumu wa maji. Gapi huustahimili, samaki wa maji laini hawauwezi.

Wapo wanaosema chujio hili hulimbikiza uchafu chini. Ni kweli, lakini dawa yake ipo: kila wiki nyonya uchafu kwa mpira katika theluthi moja ya changarawe. Usiioshe yote kwa pamoja, wala kwa maji yenye klorini, maana huua bakteria. Hoja nzito zaidi ni umeme, unaofika Pemba tangu 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika, bakteria hukosa oksijeni ndani ya saa chache. Weka pampu ya betri, acha kulisha samaki, na pampu ya kawaida ikae juu ya usawa wa maji, yasije yakarudi ndani yake.