Nta na polishi za gari: ipi inunuliwe, na kwa gari lipi

Katika yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam na Mombasa, magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja na yenye injini moja, mara nyingi huuzwa kwa bei mbili tofauti kwa sababu tu moja linang'aa na jingine limepauka. Mnunuzi wa kawaida hawezi kuiona injini kwa ndani, lakini boneti huiona akiwa bado ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana wenye yadi, madalali na wenye vituo vya kuosha magari hutumia fedha nyingi kununua makopo ya nta na polishi. Ndiyo maana pia fedha nyingi hupotelea humo.

Hupotea kwa sababu bidhaa mbili zenye kazi tofauti hupangwa rafu moja, na wauzaji wengi huziita zote "polishi". Polishi hasa ni kitu kinachokwangua. Ndani yake mna chembechembe ngumu, aghalabu za oksidi ya alumini, ambazo huchonga sehemu ya juu ya rangi mpaka mikwaruzo na ukungu vitoweke. Nta haikwangui chochote. Hukaa juu ya rangi kama utando mwembamba unaozuia maji, chumvi na uchafu visiguse rangi yenyewe.

Kwa hiyo anayepaka nta juu ya rangi iliyochoka hupata gari lile lile lililochoka, isipokuwa sasa lina mafuta. Anayepiga polishi kila mwezi gari ambalo rangi yake ni nzima anauza kidogo kidogo kitu ambacho hawezi kukinunua tena bila kwenda kwa fundi wa rangi.

MTAJI ULIO JUU YA BODI

Rangi ya kiwandani ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa: ya kuzuia kutu, ya msingi, ya rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Zote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mng'ao wote anaouona mnunuzi hutoka katika klia hiyo, na ndiyo pia yenye dawa za kukinga rangi na miale ya jua.

Kampaundi kali ikipigwa kwa mashine huweza kuondoa mikroni kadhaa kwa safari moja. Gari likipita mikononi mwa madalali watatu, na kila mmoja akalipiga kampaundi ili "litoke", mnunuzi wa nne huondoka na gari linalong'aa kwa miezi michache tu. Baada ya hapo klia ya paa na boneti huanza kupata mabaka meupe, kisha hubanduka magamba kama ngozi iliyoungua. Likifikia hapo hakuna kopo dukani litakalolisaidia. Dawa yake ni kupaka rangi upya, na gharama ya boneti na paa tu inaweza kumaliza faida yote ya dalali.

Kwa mfanyabiashara anayenunua ili auze, uchunguzi wa rangi basi huanza kabla ya bei kukubaliwa, wala si baada ya gari kufika yadi. Gari litazamwe likiwa limeoshwa na kukauka, juani, kwa jicho la mshazari. Gari lililomwagiwa maji huficha karibu kila kasoro, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Mabaka meupe yasiyotoka kwa kidole ni klia iliyokufa. Utandabui wa mikwaruzo ya duara unaoonekana kuzunguka mwanga wa jua ni mikwaruzo ya kitambaa kichafu, na huo hutoka kwa polishi.

Anayenunua magari mengi afikirie kuwa na kipimo cha unene wa rangi. Ni kidude kidogo kinachowekwa juu ya bati na kusoma mikroni. Mlango unaosoma 120 wakati mwenzake unasoma 300 umepakwa rangi upya, na ukisoma zaidi ya hapo sana kuna plasta chini yake. Unaosoma chini kabisa ya wenzake umeshakwanguliwa. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye bampa za plastiki.

Hapa pana tofauti kati ya masoko mawili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo gari linaloshuka Mombasa kutoka Japani huwa na klia iliyo katika hali nzuri kwa kiasi. Tanzania huyaruhusu magari ya zamani zaidi, ila huyatoza ushuru wa ziada. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam hukutana zaidi na rangi iliyokwisha pigwa mashine kabla haijapanda meli, naye anapaswa kuwa na mkono mwepesi zaidi kwenye kampaundi kuliko mwenzake wa Mombasa.

GARI JEUPE NI JAMBO LA PEKEE

Si kila gari lina klia. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040, ambazo zimejaa barabarani Afrika Mashariki, zilipakwa rangi moja kwa moja bila vanishi ya juu. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati cha utambulisho wa gari, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwa gari la namna hiyo, upaukaji ni rangi yenyewe iliyochomwa na jua ikawa unga.

Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe (kwa gari jeupe tumia cheusi), sugua mahali pasipoonekana, kisha tazama kitambaa. Kikichukua rangi ya gari, hakuna klia. Kikibaki bila rangi, klia ipo. Gari lisilo na klia huitikia polishi vizuri mno, na kwa kazi ya nusu siku Corolla iliyopauka kama chokaa inaweza kurudia weupe wake. Lakini mng'ao huo huanza kupotea mara moja usipofunikwa kwa nta, na hapo ndipo wengi hukosea: hulipia polishi, wakaona gari linapendeza, wakaacha nta ili kubana matumizi.

KUCHAGUA KIKWANGUO

Makopo ya kukwangua huwa ya nguvu tatu, ingawa kila kiwanda kina majina yake. Ipo kampaundi kali ya kuondoa alama za msasa, ipo polishi ya kati, na ipo laini ya kumalizia. Fundi mwenye haraka huanza na ile kali. Utaratibu unaookoa rangi ni kuanza na laini, mahali padogo pa ukubwa wa karatasi ya barua, na kupanda ngazi moja tu iwapo mikwaruzo haikutoka. Mara nyingi polishi ya kati inatosha, na gari halihitaji kitu kingine.

Kwa mkono au kwa mashine? Mkono ni salama na ni wa polepole, nao unafaa kwa rangi isiyo na klia na kwa sehemu ndogo. Mashine ya kuzunguka yenye kasi kubwa ni ya fundi aliyeizoea. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango rangi ni nyembamba kuliko mahali popote, na mashine hufika kwenye bati kabla mwenyewe hajatanabahi. Kuziba kingo kwa selotepu ya karatasi hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kupaka mlango upya.

KUCHAGUA NTA

Nta inayotajwa zaidi kwenye makopo ni karnauba. Hutoka kwenye majani ya mnazi fulani wa porini huko kaskazini-mashariki ya Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí, ambako mti huo hujipaka nta ili usikaushwe na kiangazi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64 tu. Boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana kutwa huweza kukaribia kiwango cha nyuki, na ndiyo sababu nta ya Tabora, pamoja na sifa yake katika soko la nje la vipodozi na mishumaa, haifai kuwa kinga ya gari ikiwa peke yake.

Tahadhari moja kwa mnunuzi wa jumla. Karnauba tupu ni ngumu kama jiwe na haiwezi kupakwa. Kila kopo lina mafuta na vimiminika vya kuilainisha, na mara nyingi nta nyingine pia. Maandishi "asilimia 100 karnauba" kwenye kopo laini kama siagi hayana maana ya kwamba kopo zima ni karnauba, na bei isipangwe kwa maandishi hayo.

Karnauba hutoa mng'ao wa kina unaopendeza hasa kwenye rangi nyeusi, nyekundu na bluu. Udhaifu wake ni kwamba haidumu. Katika joto la pwani hukaa wiki kadhaa, ikijitahidi miezi miwili. Nta za kemikali, ziitwazo silanti, hutengenezwa kwa polima na silikoni, hukaa miezi minne hadi sita, na mng'ao wake ni mweupe mkali unaofaa magari meupe na ya fedha. Kwa soko ambalo rangi hizo mbili ndizo nyingi, ni ajabu kwamba maduka hujaza zaidi karnauba.

Kisha kuna kinga ya seramiki, inayouzwa kwa chupa ndogo kwa bei kubwa. Ni bidhaa ya kweli na hudumu kuliko nta. Hata hivyo maandishi "9H" yanayopambwa kwenye maboksi yake yasimtishe mtu. Hicho ni kipimo cha ugumu wa penseli ya kuchorea, si cha almasi wala mawe, na gari lenye seramiki bado hukwaruzwa na ufagio. Tena seramiki hufunga kila kasoro iliyokuwa chini yake, kwa hiyo polishi lazima itangulie na ifanywe vizuri. Mwenye gari atakayekaa nalo miaka mitatu anaweza kuifikiria. Mwenye yadi hana sababu ya kumnunulia mteja kinga ya miaka mitatu.

HESABU YA YADI

Gharama ya nta isipimwe kwa kopo, ipimwe kwa gari na kwa muda. Chukua mfano wa yadi yenye magari 20, ambamo kila gari hukaa siku 60 kabla ya kuuzwa, na kijana hulipwa Sh 5,000 kupaka gari moja. Bei ni za mfano. Kila mmoja aweke za duka lake.

Kopo la bei nafuu la Sh 8,000 linatosha magari 10, sawa na Sh 800 kwa gari, lakini baada ya wiki tatu limekwisha nguvu. Ndani ya siku 60 gari litapakwa mara tatu: nta Sh 2,400 na ujira Sh 15,000, jumla Sh 17,400. Silanti ya Sh 36,000 yenye mililita 470, ikipakwa nyembamba kama mililita 25 kwa gari, inatosha magari 18 hivi, yaani Sh 2,000 kwa gari. Hupakwa mara moja: Sh 7,000 pamoja na ujira. Tofauti ni Sh 10,400 kwa gari, na kwa yadi nzima Sh 208,000. Ujira, si kopo, ndio unaokula fedha.

Hesabu hiyo huharibika iwapo gari linaoshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia, kwani huondoa nta mapema. Na yadi nyingi za pwani huosha kwa maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka juani huacha madoa meupe ya duara, na yakiachwa muda mrefu hutoboa klia, hata pawe na nta. Kukausha gari kwa kitambaa cha mikrofaiba kabla jua halijalikausha hakuna gharama ya dawa yoyote. Kinyesi cha ndege nacho kisisubiri kuosha kwa Jumamosi.

Kama gari litapelekwa kwa fundi wa rangi, lipelekwe kabla ya nta. Silikoni iliyobaki juu ya bati hufanya rangi mpya ijikunje na kuacha vishimo vidogo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki, na kazi hulazimika kurudiwa. Duka linalouza vifaa vya kupaka rangi na nta pamoja lingefanya vizuri kumwambia mteja hivyo.

Kwa mwenye duka anayeanza na mtaji mdogo, polishi ya kati na silanti ndizo za kujaza kwanza, karnauba makopo machache kwa wenye magari meusi, kampaundi kali kwa mafundi wanaoiulizia kwa jina. Nta ya kopo isiwekwe kwenye rafu inayopigwa na jua la dirisha: hujitenga mafuta juu na nta chini, na mteja akifungua hudhani ameuziwa iliyopitwa na wakati.