Shangazi, gunia linanivunja mgongo

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitengela na nauza mitumba. Nafungua belo nyumbani, najaza shanta na gunia, kisha nazunguka Isinya, Kajiado na Bissil kufuata siku za soko. Siku hizi nikilala mguu wa kushoto unakufa ganzi. Makanga nao wananitoza nauli ya mtu kwa ajili ya gunia. Mume wangu anasema niache biashara nikae nyumbani. Nifanyeje?*
*Mbeba Dunia, Kitengela*

Mwanangu, mguu kwanza. Mgongo kuuma baada ya kutwa sokoni ni jambo moja. Mguu kufa ganzi ni jingine, na mara nyingi ni neva iliyobanwa. Ukiwa Kajiado, funga biashara mapema upite Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Ukiona unaburuta wayo au mkojo unakuponyoka, usingoje siku ya soko, nenda usiku huohuo.

Sasa mzigo. Umenieleza unachoondoka nacho asubuhi, hukunieleza unachorudi nacho jioni. Nahisi gunia linarudi karibu vilevile lilivyotoka. Kamera, yaani nguo za chaguo la kwanza, ziliisha siku ile ulipofungua belo, majirani wakigombania mlangoni. Kinachokuvunja mgongo ni fagia, yale mabaki yasiyonunuliwa, na unailipia nauli kwenda na kurudi wiki baada ya wiki! Imwage kwenye turubai hapo Kitengela mwisho wa mwezi, uite bei ya kutupa mpaka iishe. Hasara hiyo utaila mara moja. Hii ya sasa unaila kila siku, na bado unaibeba.

Kisha jifunze kuchagulia kila soko nguo zake. Suruali moja ya jinsi ya mtu mzima inapita nusu kilo. Beba 30 na umeshavuka kilo 15 kabla hujatia kiatu hata kimoja. Waachie jinsi vijana wa Kitengela. Kajiado ndiko makao makuu ya kaunti, kuna watu wa ofisi: wapelekee blauzi na suruali za kitambaa, hasa mishahara ikiingia. Nguo hizo ni nyepesi na zinakunjika. Bissil ni soko la mifugo. Mteja wako wa huko hana shilingi mpaka mbuzi wake auzwe, kwa hiyo kufika alfajiri ni kujichosha bure. Fika wanyama wakishapata wenyewe, na makoti machache mazuri pamoja na sweta za watoto.

Ukipakia shanta, vizito vilale katikati, vikigusa mgongo, vyepesi vikae nje. Kaza kanda zisiache shanta lining'inie matakoni, halafu lizungushie leso na kuikaza kiunoni ili nyonga zisaidie mabega. Gunia ligawe mifuko miwili, mmoja kila mkono. Na tafadhali, usipande bodaboda ukiwa umepakata mzigo.

Kuna dawa nyingine wachuuzi wengi wanaiogopa: kutorudi na mali. Tafuta Kajiado mtu mwenye kibanda kinachofungwa kwa kufuli, mlipe kidogo, mhesabu nguo pamoja, na kila mmoja abaki na karatasi yake. Mkihesabiana hivyo, hata rafiki hatakukosea.

Kuhusu makanga, patana gunia likiwa bado chini. Likishapanda kareri juu ya gari, bei ni yake. Asubuhi msongamano uko upande wa Nairobi. Anayeelekea Kajiado ana njaa ya abiria, na wewe ni abiria mwenye sauti.

Mume wako hajakosea kuona kwamba unaumia. Ila kukaa nyumbani hakulipi karo, na sidhani amekuambia nani atailipa. Mpe kazi: jioni akupokee stejini, mfuko mmoja wake, mmoja wako. Akikataa, niandikie tena. Hiyo itakuwa barua nyingine, na nitaijibu kwa sauti nyingine.