Somo la Nyumbani: Mbwa Wetu na Mtoto Ajaye



Mwezi huu twawaomba akina baba nao wausome ukurasa huu, wasiwaachie akina mama peke yao, kwa maana sehemu kubwa ya kazi tutakayoitaja ni yao.

Mama anapokaribia kujifungua, nyumba hutengenezwa. Kanga hununuliwa, nepi hukunjwa, bibi huitwa kutoka kijijini. Lakini yuko mmoja wa nyumbani ambaye hapewi habari yoyote, naye ni mbwa. Ghafula siku moja huona kitu kimeletwa, kimefungwa nguo, kinalia kwa sauti asiyoijua, na tangu saa ile kila akisogea hufukuzwa kwa fimbo. Baadaye akinguruma tunashangaa.

Wengine husema mbwa ana wivu kama mke mwenza. Mimi naona hilo halitusaidii sana. Mbwa hujifunza kwa kuona ni jambo gani linalofuatana na jambo gani. Sufuria ikikwanguliwa huja mbio, maana siku zote baada ya sauti ile hupata chakula. Kwa mtoto ni vivyo hivyo. Ikiwa kila mtoto anapotolewa nje mbwa hupigwa teke, atajua kuwa mtoto ndiye mwanzo wa mateke. Ikiwa kila mtoto anapotolewa nje mbwa huitwa kwa upole na kutupiwa tonge la ugali, atafurahi akimwona mtoto. Wengi wetu twafanya kinyume bila kufikiri: mtoto akilala ndani, twampapasa mbwa na kumpa mabaki, mtoto akiamka, twamwambia, "Toka!"

Basi yafaa kuanza miezi miwili au mitatu kabla. Fikirini ni mambo gani yatakayobadilika mtoto akizaliwa, myabadilishe sasa. Kama mbwa amezoea kuingia sebuleni na baadaye hamtaki aingie, azuiwe tangu sasa, asije akaona kuwa mtoto ndiye aliyemtoa. Kama ni mama anayempa chakula kila siku, kazi hiyo ishikwe na baba au kijana mkubwa wa nyumbani. Kama atahamishwa banda, ahamishwe sasa. Banda hilo liwe na kivuli na maji, nalo liwe mbali na njia ya wageni. Jambo la wageni ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto akizaliwa, wageni hufika tangu asubuhi mpaka jioni, majirani, mashangazi, akina mama wa kanisani, na mbwa asiyezoea hufungwa mnyororo mfupi juma zima, jua likimchoma. Mbwa wa namna hiyo hugeuka kuwa mkali, na kosa si lake.

Mfundisheni pia maneno mawili, "Kaa" na "Nenda bandani". Watu wote wa nyumbani watumie maneno hayo hayo. Akitii apewe kitu kidogo cha kula. Dakika chache asubuhi na jioni zatosha, kwa saburi, bila kumpiga. Mbwa aliyezoea kupigwa huogopa mkono wowote unaoinuka, hata mkono wa mtoto.

Sasa afya. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa hukingwa kwa chanjo, ambayo kwa kawaida huanza akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mwone bwana mifugo kabla mama hajajifungua, uiweke kadi ya chanjo pamoja na kadi ya kliniki ya mama.

Mwombe dawa ya minyoo vilevile, na acheni kumtupia mbwa matumbo, maini na mapafu mabichi siku ya kuchinja. Katika nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa desturi mbwa kumlamba mtoto mchanga akijichafua, ili kumsafisha, kwa kuwa maji ni haba. Huko ugonjwa wa vifuko vya maji katika ini na mapafu ulionekana kwa wingi kuliko karibu mahali popote duniani, hata shirika la AMREF likaanza kampeni ya kuupiga vita mwaka 1983. Vijidudu vyake mbwa huvipata kwa kula viungo vibichi vya kondoo na mbuzi wenye ugonjwa, kisha mayai yake hutoka katika kinyesi chake. Kwa hiyo mbwa asimlambe mtoto usoni wala mikononi, hata akiwa mpole namna gani.

Mama akiisha kujifungua, baba atakaporudi kutoka hospitali na achukue kanga au kitambaa alichofungiwa mtoto. Amwache mbwa anuse kwa mbali kidogo, huku akisema naye kwa sauti ya kawaida. Siku ya kurudi nyumbani, mtoto ashikwe na bibi au wifi, na mama atangulie kumsalimu mbwa mikono yake ikiwa mitupu, maana amemkosa na atamrukia kwa furaha. Akiisha kutulia afungwe kamba, naye amwone mtoto kwa umbali wa hatua chache. Si lazima amkaribie siku ile. Hakuna haraka.

Jifunzeni kumsoma. Watu hungoja mbwa aonyeshe meno, lakini hutoa dalili nyingi kabla ya hapo: hujilamba midomo na hali hakuna chakula, hupiga miayo na hali hana usingizi, hugeuza uso, weupe wa macho huonekana, mwili hukakamaa. Mkiona hivyo, mwondoeni kwa utulivu, mmpe nafasi. Wala msimpige kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni kutuonya, na mbwa aliyefunzwa kwa fimbo kunyamaza siku moja atauma bila kuonya.

Hata mkifanya yote haya, mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kuteka ndoo moja ya maji. Mtoto wa miaka mitano au sita si mlinzi wa kutosha. Mtoto akilala mkekani chini ya mwembe, mtu mzima awe karibu, au mbwa awe amefungiwa.

Baada ya miezi saba au minane mtoto huanza kutambaa, na hapo ndipo wazazi wengi wamekwisha kusahau. Sasa mtoto ndiye anayemfuata mbwa. Humshika masikio, humwendea akiwa amelala, huingiza mkono katika chombo chake cha chakula. Mbwa ale mahali pa peke yake, pasipofikiwa na mtoto.

Mbwa aliyekwisha kumuuma mtoto zamani, mimi nasema asikae nyumba moja na mtoto mchanga. Apewe mtu mzima asiye na watoto, naye aambiwe ukweli wote.

Mtoto akiumwa, hata kama ni mkwaruzo tu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Msipake majivu wala mafuta ya taa. Mbwa naye asiuawe kwa hasira ikiwa aweza kufungiwa mahali salama. Bwana mifugo aarifiwe ili aangaliwe kwa siku 10, lakini mtoto asingojeshwe sindano mpaka siku hizo ziishe.