Nyasi Moja, Ndama Wawili: Mwongozo kwa Vijiji vya Tambarare za Simanjiro

Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia huiacha Hifadhi ya Taifa ya Tarangire wakaelekea mashariki, Simanjiro. Maji ya mvua yako kila mahali wakati huo; kinachowavuta ni nyasi. Nyasi fupi za tambarare zina fosforasi nyingi kuliko za hifadhini, na jike anayenyonyesha anayahitaji sana madini hayo. Huku ndiko wanakozalia. Tambarare hizo ni ardhi ya vijiji, kwa hiyo zikilimwa, hifadhi yenye kilomita za mraba 2,850 haitawatosha wanyama wake.

Mfugaji hulipia ujirani huu. Ndama wa nyumbu hueneza kirusi ambacho hakiwadhuru wao, lakini ng'ombe akikipata huugua homa isiyo na tiba na kwa kawaida hufa. Ndiyo maana Wamaasai huwahamisha ng'ombe msimu wa nyumbu kuzaa, wakaacha malisho mazuri kuliko yote wakati yamenawiri. Kwa sababu hiyo tunasema wazi: msaada kwa vijiji hivi ni haki yao, wala si hisani.

Kijiji cha Terrat kilionyesha njia katikati ya miaka ya 2000. Kilikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya tambarare isilimwe wala kujengwa, ufugaji uendelee kama zamani, na kampuni zikilipe kijiji kila mwaka.

Kabla ya kutafuta mkataba wa namna hiyo, lindeni ardhi yenyewe. Fedha bila karatasi haidumu: siku mlipaji akiondoka, trekta huingia. Anzeni na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotenga malisho, mashamba, makazi na mapito ya wanyama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, lakini kutenga eneo kunahitaji ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hakikisheni wanawake na vijana wamehudhuria na kusema, na muhtasari umeandikwa. Kisha ombeni hatimiliki ya kimila ya kikundi cha wafugaji kwa eneo la malisho. Alalili, malisho mnayoyafunga hadi kiangazi, yaingie kwenye ramani kwa jina lake. Kisicho kwenye ramani ni rahisi kugawiwa mtu.

Malisho yakivuka mpaka, pangeni pamoja na majirani. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo, vikaliita eneo lao OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao.

Mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili, na kwa Kimaasai pale inapobidi, mbele ya mkutano. Ulizeni malipo yanaingia akaunti ipi, nani anatia saini, na mkataba unavunjwaje.

Simba akiua mifugo, toeni taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji, na mabaki yasiguswe hadi afisa wanyamapori ayaone. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Si fidia kamili, kwa hiyo kinga ni bora. Ukuta hai, yaani nguzo za miti inayochipua zilizofungwa wavu wa waya, umelinda mazizi mengi Simanjiro usiku. Nguzo zipandwe mvua zinapokaribia, zipate kushika mizizi.