Somo kwa Wazee na Walimu wa Sharika: Kuchagua Projekta ya Picha



Katika sharika za Karagwe na Kyerwa wako wengi watakao projekta, ili picha za kipaimara, za ujenzi wa kanisa na za kazi ya kina mama zionekane na watu wote pamoja, wala si na mtu mmoja mmoja katika simu yake. Ni haja njema. Lakini fedha ya kuinunua hutoka katika mikungu ya ndizi, maharage na kahawa vilivyoletwa siku ya mavuno; nayo ikipotea katika chombo kisichofaa, sadaka ya mjane imepotea pamoja nayo. Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kukaa kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28-30). Basi na sisi tukae, tuhesabu.

Chombo cha kutupa picha ukutani si kigeni kabisa. Christiaan Huygens wa Uholanzi alitengeneza taa ya namna hiyo mwaka 1659. Katika Januari 1854 David Livingstone aliionyesha taa kama hiyo mbele ya Shinte, mtawala wa Walunda. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Kioo cha picha kilipokuwa kikiondolewa, kina mama waliona kisu chawajia, wakakimbia wote. Shinte alikaa hata mwisho, kisha akakichunguza chombo chenyewe. Yafaa kumfuata Shinte: tusikimbie, wala tusistaajabu tu, bali tukichunguze.

1. Nguvu ya mwanga. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Tuseme picha ina upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, eneo lake ni mita 3 za mraba. Projekta ya lumeni 3,000 hulipa kila mita ya mraba lumeni 1,000. Ukiikuza picha iwe mita 4 kwa mita 3, eneo lawa mita 12, na kila mita yapata 250 tu. Maana yake, upana ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Kwa kanisa lenye madirisha yasiyo na mapazia, wakati wa mchana, tusichukue chini ya lumeni 3,000, tena tuweke picha upande wenye kivuli. Usiku chombo kidogo chaweza kutosha. Na kwetu jua hutua karibu na saa moja jioni mwaka mzima, hivyo mkutano wa jioni waweza kuokoa fedha nyingi. Tujihadhari na visanduku vidogo vya bei rahisi vilivyoandikwa maelfu ya lumeni nje. Tuulize lumeni za kipimo cha ANSI au ISO; muuzaji asipoweza kuzionyesha katika maandishi, tusiihesabu namba yake.

2. Ukubwa wa picha na nafasi. Kwa picha za kawaida, mtu wa nyuma asikae mbali kupita mara sita ya kimo cha picha. Picha ya kimo cha mita 1.5 yatosha watu walio ndani ya mita 9. Kisha tuulize chombo chataka umbali gani. Kama uwiano wake ni 1.5, picha ya upana wa mita 2 yataka mita 3 kutoka projekta hata ukutani. Tupime kwa kamba ndani ya kanisa kabla ya kwenda dukani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, au shuka nyeupe iliyonyoshwa vema, hutosha. Hapana haja ya kununua kitambaa cha ghali mara ya kwanza.

3. Nukta za picha. Picha hufanywa kwa nukta ndogo. Projekta ya nukta 1024 kwa 768 huonyesha picha kwa namna ya kuridhisha. Ya 1920 kwa 1080 huonyesha maandishi madogo vizuri zaidi. Lakini wauzaji wengine husema chombo "chapokea" 1080, hali chenyewe chaonyesha chache kuliko hizo. Tuulize nukta zake halisi.

4. Globu na umeme. Globu ya kawaida huweza kudumu saa 3,000 hata 5,000. Mwanga wa LED au leza hufika saa 20,000. Usharika utumiao saa 2 kila juma hutumia saa 104 tu kwa mwaka. Kwa hiyo tusilipe fedha nyingi kwa ajili ya wingi wa saa peke yake. Kinachoumiza globu ya kawaida ni umeme kukatika ghafula, nayo ingali moto, kabla feni haijaipoza. Leza na LED hustahimili jambo hilo zaidi; hiyo ndiyo sababu njema ya kuzichagua mahali umeme usipotulia. Penye betri tu, tuhesabu hivi: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, betri ya asidi isitumiwe kupita nusu, yaani 600. Projekta ya wati 250 na kompyuta ya wati 50 zitaimaliza nusu hiyo kwa saa 2, au pungufu, kwa kuwa inverta nayo hula sehemu yake.

5. Vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huingia kila mahali. Tuulize kama chujio lafunguliwa na kusafishwa, na kama globu na vipuri vyapatikana Bukoba au Mwanza. Chombo kisafirishwe katika sanduku lenye sponji, si mgongoni mwa pikipiki bila kifuniko.

6. Jaribio. Tusinunue kabla ya kukiona kikiwaka. Twende na picha zetu wenyewe, hasa picha ya kwaya iliyopigwa kivulini mwa mti. Kama nyuso za waimbaji zaonekana giza tupu, macho na tabasamu zisitambulikane, chombo hicho hakitufai, hata kama picha za maua za muuzaji zilikuwa nzuri.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Picha kubwa ukutani yaweza kumheshimu mtu, tena yaweza kumwaibisha. Mgonjwa kitandani, mtoto asiye na nguo, mama ambaye nyumba yake yavuja: wasionyeshwe mbele ya usharika ili kuchangisha fedha, wasipokubali wenyewe au wazazi wao. Ruhusa iombwe faraghani, wala si mbele ya watu, mahali mtu aonapo haya kukataa.

Maswali kwa baraza la wazee:
(a) Tutaonyesha picha mchana au usiku, na watu wangapi?
(b) Nani atakitunza chombo, na ufunguo utakaa kwa nani?
(c) Je, twaweza kuchangia chombo kimoja na mtaa wa jirani?
(d) Ni picha gani ambazo hatutazionyesha kamwe?

Baraza litakalojibu manne haya na liende dukani kwa amani.